Barua kwa mwanangu, kuhusu kumchapa Imani

Mwanangu,

Meseji yako ya jana usiku nimeisoma mara mbili, ati Imani amemuuma mtoto mwingine tena huko PP1 ya chekechea, mwalimu amelalamika, na sasa unauliza, "Mum, kuchapa kweli kunasaidia?" Tena ukanitumia ule utafiti wa 2016 wa Wamarekani, waliokusanya tafiti za miaka hamsini, watoto zaidi ya 160,000, wakaona anayechapwa matako ndio anazidi ukaidi na kupiga wenzake. Sawa, nimesoma. Lakini nikimaliza sikuwa nafikiria Imani, nilikuwa nafikiria mkono wa kaka yako.

Ulikuwa mdogo 2003 lakini hiyo stori umeiskia. Kibaki ndio ameingia, elimu ya bure imeanza Januari, darasa zimejaa watoto wanabanana kwa dawati, Kevo yuko la tatu. Jioni moja tunakula ugali na sukuma, shosho yako amekuja kututembelea, namskia anamgombeza Kevo mbona anakula na mkono wa kushoto mbele ya wakubwa. Kevo kimya. Nikavuta ule wa kulia uliokuwa chini ya meza nikaufungua, vidole havikunjiki, kiganja kimevimba, kina mistari imeanza kuwa zambarau. Mwalimu alimchapa na paipu ya maji. Juu ya kukosa saba mara nane.

Asubuhi nikaenda shule. Na ujue kiboko kilikuwa kimepigwa marufuku shuleni tangu 2001, kila mwalimu alijua, nikamwambia mwalimu mkuu hivyo hivyo. Akaniangalia, wazazi wengine wako kwa benchi wanangoja, akasema kwa sauti ili wote waskie, "Mama, mchelea mwana kulia hulia yeye." Wakacheka! Mama mmoja akaongeza, wangu chapeni tu nimewapea. Mwalimu mkuu nilishamsahau, hata sura simkumbuki vizuri, lakini kile kicheko cha wale wazazi naskia mpaka leo nikipita hiyo barabara, juu hao ndio nilidhani tuko pamoja.

Ndio maana nawaambia kila siku, mtoto akikuogopa anakuficha. Kevo angeninyamazia wiki nzima kama si shosho. Mkono umevimba hivyo na anauficha kwangu, mimi mamake!

Sasa usidhani nasema mimi sikuwachapa, slipas yangu mnaijua. Siku ile Kevo alikimbilia mpira mpaka katikati ya Outering nilimchapa hapo hapo kando ya lami watu wakiangalia, na ningerudia. Hakukimbia kwa barabara tena. Lakini ni kofi langu lilimfunza, ama ni ile breki ya matatu iliyolia karibu na sikio lake? Nimejiuliza hiyo miaka yote na sina jibu.

Hata hao watafiti wako nina swali nao, si labda mtoto mkorofi ndio anachapwa zaidi, sio kiboko kilimfanya mkorofi? Halafu tena najijibu, kama kiboko ni dawa, huyo mkorofi si angekuwa ameshapona kwa vile anakunywa hiyo dawa kila siku? Angalia Kevo, fundi wa stima, anapiga hesabu ya waya za nyumba nzima kichwani bila kalamu, lakini muulize ghafla saba mara nane, utaona macho yanaenda kwa mikono kwanza. Hiyo sio hesabu alifunzwa, alifunzwa woga.

2010 tulipogawiwa ile nakala ya Katiba kabla ya kura, hata sikuanza na mambo ya magavana. Nilitafuta haki za mtu, nikapata kifungu cha 29, kinasema mtu asipewe adhabu ya viboko. Kila mtu, hakikusema isipokuwa mtoto wa darasa la tatu. Nilifurahi nikamsomea Kevo mara tatu mpaka akaniambia mum, nimeskia.

Imani ni wako na mumeo, kwa hivyo sikwambii umfanye nini, na ujue najishika hapa kabisa. Muulize tu mwalimu huwa anauma saa ngapi, kabla ya uji ama baada, na nani alikuwa amemnyang'anya nini. Wewe mwenyewe uliuma binamu zako wote mpaka karibu uanze darasa la kwanza, na babako hakukuchapa juu ya hiyo, alikuwa anakushika mikono yote miwili anakwambia hapana, hapana, pole pole, mpaka unachoka kurusha miguu. Ilichukua muda, sikudanganyi, na kuna siku nilimwambia anakudekeza. Lakini ukiuma mtu ulikuwa unakuja kumwambia yeye mwenyewe kabla hatujaskia. Mtoto akikuogopa anakuficha, na wewe hukuwa unamficha.

Na ukiona mkono unakuwasha nipigie kwanza, hata kama ni usiku. Jumamosi mlete huku Umoja asubuhi nikae naye, wewe ulale.

Mamako