Chai Iliposhuka Bei, Watu Wakaimwaga

Mhariri, wiki hii mmetuuliza: je, uzito wa kodi ndio uliowafanya walowezi wa Marekani wafarakane na mfalme wao wa Uingereza? Jibu langu ni hapana, na nalitoa kama mtu wa forodha. Kwa miaka 19 sasa kazi yangu ni kuwatolea watu mizigo bandarini. Historia niliisoma shuleni kama wengi wenu, ila makaratasi ya meli nimeyajua kwa kutokwa jasho.

Tuanze na molasi. Kwa miaka mingi sheria ilidai ushuru wa peni 6 kwa kila galoni iliyoingia makoloni kutoka visiwa vya Wafaransa. Kwenye karatasi huo ni ushuru mzito. Lakini gatini mwenye meli alimpoza ofisa kwa kitu kidogo, mapipa yakashuka, na kila mtu akalala usingizi wake. Mwaka 1764 Bunge la London likaukata ushuru huo hadi peni 3. Nusu nzima! Ungedhani watu watashangilia. Wakanuna, kwa sababu safari hii peni 3 zilikuwa za kukusanywa kweli. Manowari zilipiga doria, na kesi za magendo ziliweza kupelekwa kwenye mahakama za bahari, ambako jaji aliamua peke yake bila juri ya wenyeji. Meli iliyotaifishwa iligawanywa mafungu matatu: la mfalme, la gavana na la aliyeikamata. Kama umewahi kukutana na ofisa ambaye naye ana fungu katika anachokamata, unajua anavyoutazama mzigo wako.

Waingereza nao walikuwa na hoja. Vita vyao na Wafaransa vilikwisha mwaka 1763, vikawaachia deni la karibu pauni milioni 130, na sehemu ya vita hivyo ilipiganwa huko huko Marekani. Mwingereza wa kawaida nyumbani alilipa kodi kubwa kuliko mlowezi wa Boston. Kwa hesabu tupu, London haikuwa imekosea.

Ilikosea kwa namna ilivyodai. Kodi ya stempu ya mwaka 1765 iliangukia magazeti, hati za mahakama, leseni, hata karata na dadu. Yaani katika watu wote, waliochokozwa ni wanasheria na wachapaji, wenye kalamu na mdomo. Agosti ya mwaka huo sanamu ya Andrew Oliver, aliyepewa kazi ya kugawa stempu Boston, ikaning'inizwa mtini, naye akaacha kazi. Siku chache baadaye umati ukavamia nyumba ya naibu gavana, Thomas Hutchinson, na kuibomoabomoa. Machi 1766 kodi ikafutwa, lakini siku ile ile Bunge likapitisha sheria nyingine inayosema lina mamlaka ya kuwatungia walowezi sheria katika jambo lolote lile.

Sasa nifike kwenye kiini. Mwaka 1767 ukaja ushuru mwingine, juu ya kioo, rangi, madini ya risasi, karatasi na chai. Fedha yake ilikusudiwa pia kuwalipa magavana na majaji. Hapo nyuma, katika makoloni mengi, gavana alilipwa na baraza lililochaguliwa na walowezi wenyewe. Akiwakorofisha, mshahara ulichelewa. Huo ndio mkono pekee waliokuwa nao juu yake. Ushuru mpya uliukata. Watu wakagomea bidhaa za Uingereza, askari wakaletwa Boston mwaka 1768, na tarehe 5 Machi 1770 wakafyatulia umati risasi. Watu watano wakafa, mmoja wao Crispus Attucks, mwenye asili ya Kiafrika. Mwaka huo huo ushuru wote ukaondolewa isipokuwa wa chai, peni 3 kwa ratili.

Kisha mwaka 1773 chai ikashuka bei. Kampuni ya East India ilikuwa inaelekea kufilisika huku maghala yake yamefurika, basi Bunge likairuhusu ipeleke chai moja kwa moja Marekani bila kutozwa ushuru Uingereza, na kuiuza kupitia mawakala wake yenyewe. Hata ukijumlisha zile peni 3, chai hiyo ingeweza kuuzwa rahisi kuliko ya magendo ya Waholanzi. Mawakala wa Boston walikuwa akina nani? Wawili walikuwa watoto wa Hutchinson, ambaye sasa ndiye gavana. Na mshahara wake ulikuwa unatoka kwenye ushuru huo huo wa chai.

Nina mteja wangu wa vitenge, mama mtu mzima, analipa ushuru wa mamilioni bila kununa. Siku moja kwenye bili ikatokea tozo ya shilingi 15,000 ambayo hakuna aliyeweza kutueleza ni ya nini. Akaketi pale dirishani hadi wanafunga. Mzigo ukalala siku mbili, storeji ikapita ile tozo mara nne. Nikamwambia, "Mama, tulipe tuondoke." Akanijibu, "Mwanangu, hela ninayo. Nataka nimjue aliyeiandika."

Dartmouth, moja ya meli zilizoleta chai hiyo Boston, ilikuwa imekwama kwa jambo la namna hiyo. Sheria ilimpa mwenye mzigo siku 20 alipe ushuru, la sivyo forodha ingeutwaa. Muda uliisha tarehe 17 Desemba. Francis Rotch, mmoja wa wenye meli, alitaka kuirudisha London na chai yake. Forodha haikumpa kibali kwa kuwa chai haijashushwa, gavana naye akamnyima pasi kwa kuwa hana kibali cha forodha. Mimi niliposoma hapo nilicheka peke yangu. Jioni ya tarehe 16 Rotch alirudi mikono mitupu mbele ya maelfu ya watu waliokuwa wakimsubiri, na usiku huo makasha 342 kutoka meli tatu yakamwagwa baharini.

Walowezi hawakuwa malaika. Januari 1774 walimvua nguo ofisa wa forodha, John Malcolm, katikati ya baridi kali ya Boston, wakampaka lami na kumbandika manyoya. Na wengi waliolalamika kwamba wanafanywa watumwa walikuwa na watumwa wao.

Mji wa Charleston, kule kusini, ulikuwa umepokea chai hiyo hiyo Desemba 1773. Hakuna aliyeimwaga. Siku 20 zilipopita bila ushuru kulipwa, forodha ikaitwaa na kuifungia ghalani, mambo yakatulia. Basi London ikaamua kuifunga bandari ya Boston kuanzia tarehe 1 Juni 1774 mpaka kampuni ilipwe chai yake, mji mzima kwa kosa la usiku mmoja. Kiangazi hicho watu wa Charleston, ambao chai yao ilikuwa bado imefungiwa chini ya jengo la forodha, walikuwa wakipakia mchele kwenye meli kuwapelekea watu wa Boston.