Imebaki gia ya pili tu na rivasi haipo: dhima ni ya nani?

SWALI

Assalaam alaykum fundi. Mimi niko Wete. Mwaka jana nilinunua gari ndogo ya Kijerumani yenye tabo, ya mwaka 2011, giaboksi ya klachi mbili, gia 6, ile ambayo klachi zake zinakaa ndani ya oili. Ilitoka Japani, nikaichukua kwa muuzaji wa Unguja aliyenambia kwa maneno yake, "giaboksi haina tatizo, imetunzwa." Dashibodi ilionesha kilomita 78,000. Imenitumikia miezi minane. Wiki mbili nyuma nilikuwa natoka Mkoani. Kabla ya kufika Chake ikaanza kutetemeka kwenye mlima, alama ya gia ikawa inawaka na kuzima, mwisho ikabaki gia ya pili peke yake. Rivasi haishiki kabisa. Nikiilaza usiku, asubuhi inakwenda vizuri kama dakika kumi, halafu inarudia yale yale.

Fundi wa hapa amesema giaboksi imekufa, ninunue ya mtumba, milioni 4 na nusu. Muuzaji anasema gari ya mtumba haina garantii. Niliwaandikia watengenezaji, wamenijibu nimwone wakala wa nchi yangu, na kwamba tatizo kama hili mara nyingi linatokana na uendeshaji. Kusema kweli, siku ya Idi nilijaribu ule mwondoko wa kasi, breki na mafuta kwa pamoja, mara tatu au nne. Jee, nimeiua mwenyewe? Na kiwanda hakina dhima yoyote kwangu?

JIBU

Waalaykum salaam, ndugu yangu. Kabla ya lolote jengine: usinunue giaboksi, na usimruhusu mtu aifungue hiyo uliyonayo. Giaboksi iliyokufa haiamki kila asubuhi ikatembea dakika kumi.

Maelezo yako ni mazuri kuliko unavyodhani. Ndani ya boksi lako mna giaboksi mbili zilizokaa pamoja. Klachi moja inabeba gia ya kwanza, ya tatu, ya tano na rivasi; nyengine inabeba ya pili, ya nne na ya sita. Ukiwa kwenye ya pili, ya tatu imeshaingizwa inangoja zamu yake, ndiyo maana gari hizi zinabadilisha gia upesi kiasi kile. Kompyuta ikiona upande mmoja hauaminiki, inaufunga na kukuachia upande uliobaki ili ufike nyumbani. Ukifungwa upande wa klachi ya kwanza, gari hubaki na gia ya pili tu, na rivasi huondoka. Ndiyo hali yako haswa. Kwa hivyo nusu ya giaboksi yako ni nzima, na ile nusu nyengine imefungwa na kompyuta. Imefungwa kwa sababu gani, hilo ndilo la kutafuta, na halitafutwi kwa spana.

Sababu zinaweza kuwa nne. Klachi yenyewe imekwisha. Au mekatroniki, yaani lile pande lenye vali, solenoidi (koili za umeme zinazosukuma vali), senso na kompyuta kwa pamoja, ambalo linakaa ndani ya oili ya moto siku zote, lina solenoidi inayoshindwa kushikilia presha. Au senso ya joto ya klachi inasema uongo. Au oili ni chache, ni kuukuu, au si yake. Hilo la kuja na joto na kuondoka na baridi linaweza kuwa lolote katika haya, lakini mimi ningeanza na mawili ya mwisho kwa sababu ndiyo rahisi na ndiyo yanayopuuzwa.

Mwaka 2009 huko Marekani, Volkswagen iliyaita magari yake yenye giaboksi ya namna hii ya gia 6 yarudi kutengenezwa kwa sababu ya senso ya joto. Waya wake haukuwa umebanwa vizuri, senso ikawa inaripoti joto ambalo halipo, na giaboksi, kwa kujilinda, ikaingia nyutro gari ikiwa barabarani. Kampuni ikarefusha garantii ya giaboksi hizo hadi miaka 10 au maili 100,000. Fikiria ni wangapi wangeambiwa "giaboksi imekufa" kwa ajili ya waya.

Namna ya kuliona hilo ni hii. Mtu mwenye mashine ya kusoma kompyuta ya gari, mashine inayoingia ndani ya giaboksi na si ile ya kusoma injini tu, akae kiti cha pembeni wewe uendeshe. Atazame namba mbili kwa wakati mmoja: joto la oili ya giaboksi na joto la oili inayotoka kwenye klachi. Kwenye mlima joto la klachi litapanda, na hilo ni sawa. Lakini likiruka kutoka nyuzi 80 hadi 160 kwa sekunde moja, oili ile nyengine haijatikisika, hapo senso au waya ndio mgonjwa, maana chuma na oili havipati joto kwa kasi hiyo. Mashine hiyo inaingia mkobani. Mpandishe mwenye nayo boti aje Pemba, kabla ya kuipakia gari kwenye meli kuileta Unguja ikiwa haina rivasi.

Kabla yake, pima betri. Umeme mdogo huifanya kompyuta ya giaboksi iandike makosa ambayo hayapo, na betri zetu hapa zinachoka mapema kwa joto.

Sasa oili, na hapa ndipo ninapopandwa na hasira. Giaboksi yako inataka oili mpya na filta mpya kila kilomita 60,000. Kama zile 78,000 za dashibodi ni za kweli, ilikuwa lazima iwe imeshabadilishwa mara moja. Muulize muuzaji karatasi. Na oili yake ni maalumu kwa klachi mbili zinazokaa ndani ya oili. Si hydroliki nyekundu inayouzwa kila duka la spea. Nimepokea gari moja kutoka kusini mwa Unguja, mwenyewe ni mwalimu wa skuli, aliyekusanya pesa miaka mitatu kuinunua. Nilipofungua nati ya chini ikatoka hydroliki nyekundu, nyembamba, inanuka kuungua. Aliyeiweka hakuwa na nia mbaya, alijua gari otomatiki inakula hydroliki. Klachi zikawa zinateleza ndani ya oili isiyo yake mpaka zikamalizika. Yule mwalimu alilipa mara mbili.

Hata kipimo cha wingi wake kina masharti. Kinapimwa injini ikiwa inaunguruma na oili ikiwa baina ya nyuzi 35 na 45, na joto hilo linasomwa kwenye mashine. Kwa jua letu, gari iliyotoka tu barabarani imeshapita hapo, na ukipima ikiwa moto, oili imevimba, utaimwaga nyingi ukidhani imezidi. Kwa hivyo pima alfajiri.

Umeniuliza kama umeiua mwenyewe. Nitakujibu bila ya kukubembeleza. Mwondoko ule, kama programu yake imo ndani ya gari tangu kiwandani, kila mara unakula kidogo ya bitana ya klachi, yaani ile ngozi yake ya kusuguana. Mara nne haziui giaboksi yenye oili nzuri. Kwenye oili iliyochoka zinaweza kumalizia kazi iliyokwishaanzwa. Kinachonitia wasiwasi zaidi ni vilima vya kwenu. Dereva akisimama mlimani nyuma ya daladala, akaizuia gari isirudi nyuma kwa kukanyaga mafuta kidogo kidogo badala ya breki, klachi inasuguana muda wote ule. Kwenye otomatiki ya zamani oili ilikuwa ikisuguana na oili, haikuwa na neno. Hii yako ina bitana. Mlimani shika breki, kila mara.

Lakini hata kama hayo yote ulifanya, jibu ulilopewa na kiwanda halitoshi, na hili nalisema kama mtu niliyefungua boksi hizi kwa mikono yangu. Kusema "ni uendeshaji" bila ya kuisoma kompyuta ya gari ni kumhukumu mtu bila ya kusikiliza kesi. Australia wameshalifikisha jambo hili mahakamani. Ford ya huko ilikuwa ikiuza Focus, Fiesta na EcoSport zenye giaboksi ya klachi mbili, zikawa zinatetemeka, na wateja wakilalamika baadhi yao wakaambiwa ni namna wanavyoendesha. Tume ya ushindani na walaji ya nchi hiyo ikashitaki, na mwezi wa Aprili 2018 Mahakama ya Shirikisho ikaitoza kampuni dola milioni 10 za Australia. Kosa lililoadhibiwa halikuwa giaboksi kuharibika. Lilikuwa namna watu walivyojibiwa.

Kesi ya pili inakuhusu kwa ile siku ya Idi. Nissan GT-R ilipoanza kuuzwa Japani mwezi wa Disemba 2007 na Marekani mwaka uliofuata, watu waligundua kwamba ukizima mfumo wa kuzuia gari kuteleza, gari inaondoka kama risasi. Giaboksi zikavunjika, na kampuni ikasema garantii haigusi uharibifu uliotokea mfumo ule ukiwa umezimwa. Kitabu cha gari kilisema uzimwe tu kwa kujinasua kwenye matope au theluji. Baadaye Nissan ikaandika programu mpya iliyoondoka kwa mizunguko midogo zaidi ya injini. Mimi nasema hivi: ukimuuzia mtu gari kwa sifa ya kasi, ukampa na swichi ya kuipata kasi hiyo, jukumu la swichi ile ni lako pia. Maandishi madogo ndani ya kitabu hayalifuti.

Na joto letu? Hilo nalo lina kesi yake. Mwezi wa Machi 2013 Volkswagen iliita zaidi ya magari 384,000 nchini China kwa giaboksi za gia 7, zile za klachi kavu, na mwaka huo huo ikaendelea katika nchi nyengine. Oili ya sintetiki iliyokuwamo, kwenye hewa ya joto na unyevu na msongamano wa kusimama na kwenda, ilikuwa ikisababisha shoti kwenye umeme wa giaboksi. Dawa ikawa kuirudisha oili ya madini. Yako si ya gia 7, kwa hivyo usimruhusu mtu akwambie ni ugonjwa huo. Nakutajia kwa sababu joto na unyevu ndiyo hewa ya Wete mwaka mzima, na kiwanda hakiwezi kusema hakikujua kwamba dunia ina sehemu kama hizi.

Dhima yao kwako ni ipi basi? Pesa za giaboksi ya gari ya 2011 iliyouzwa Japani, hapana; garantii yake ilishakwisha kabla haijapanda meli, na nikikuambia vyengine nitakuwa nakudanganya. Lakini kasoro inayohusu usalama, ambayo kiwanda chenyewe kilishaikiri na kuiita gari irudi, haiondoki kwa sababu gari imevuka bahari. Waandikie tena, safari hii kwa namba ya chesisi, uwaulize mambo mawili tu: gari hii ilishawahi kuitwa, na kama iliitwa, kazi ilifanyika? Usilalamike wala usieleze historia. Swali fupi lenye namba ya chesisi ni gumu kulikwepa.

Muuzaji wako ndiye aliye karibu zaidi, na kwake una hoja nzito kuliko unavyofikiri. "Mtumba hauna garantii" ni neno moja. "Giaboksi haina tatizo, imetunzwa" ni neno jengine, na hilo la pili alilisema yeye. Muombe karatasi ya mnada wa Japani, ambayo ina kilomita na hali ya gari siku ilipouzwa, kisha ilinganishe na dashibodi. Mkishindwana, Zanzibar tunayo Tume ya Ushindani Halali wa Biashara, na Sheria namba 5 ya mwaka 2018 inamlinda mlaji. Nenda na stakabadhi ya kununulia, ujumbe wa simu ambao muuzaji aliisifia giaboksi, kama upo, na karatasi ya majibu ya ile mashine ya kusoma kompyuta, yenye tarehe. Ndiyo sababu nilikwambia mwanzo boksi lisifunguliwe: likishafunguliwa, kila mtu atasema fundi wako ndiye aliyeharibu.

Ikija kuonekana ni solenoidi au senso, mekatroniki inatoka giaboksi ikiwa bado garini, huna haja ya kuiteremsha. Ikiwa ni klachi, zinauzwa peke yake. Na kama mwisho wa yote itabidi giaboksi ya mtumba, herufi za msimbo zilizogongwa juu yake zifanane na zako. Za nje zinafanana kama mapacha lakini meno ya ndani na programu ni tofauti. Kazi yoyote kati ya hizi ikimalizika, mashine lazima iifundishe kompyuta upya pale klachi zinaposhikia. Fundi akikukabidhi gari bila ya kufanya hivyo, itakuwa inaruka kwa kila gia, na utarudi barabarani kunilaumu mimi.

Ukishapata ile karatasi ya mashine, nitumie picha yake, pamoja na joto la klachi katika dakika ile rivasi inapopotea. Na ukiweza, chota oili kidogo kwenye chupa safi, uniambie rangi yake.