Jibu kwa Mjomba kuhusu shahada ya fiziotherapia Uingereza

Shikamoo Mjomba. Uniwie radhi kwa kuchelewa kukujibu. Nilikuwa na zamu za mfululizo, na swali lako halikuwa la kujibiwa nikiwa nimesimama kwenye basi. Umeniuliza kama inafaa kuuza kile kiwanja ili mdogo wangu, binti yako, aje kusoma shahada ya fiziotherapia, yaani tiba ya viungo na misuli, hapa Uingereza kwa miaka mitatu, ukasema kwamba mimi ninayeifanya kazi hiyo huku sitakuficha. Kwa kweli sitakuficha: usiuze, walau si kwa ada hiyo na kwa njia hiyo.

Tuanze na ada. Mwanafunzi mwenyeji wa England alitozwa kisichozidi pauni 9,535 kwa mwaka wa masomo ulioanza 2025, na hata hizo hukopeshwa na serikali. Mgeni hana kikomo kinachomlinda. Barua aliyopewa binti yako inataja pauni 18,500 kwa mwaka, na kwa haki ya Mungu si ghali kuliko kwingine, kwani vyuo vingi hutoza wageni kati ya pauni 16,000 na 25,000, na vipo vinavyopita hapo. Zidisha mara tatu upate pauni 55,500 za ada peke yake. Kabla hata hajapanda ndege ataombwa athibitishe kwamba ana zaidi ya pauni 1,100 za kujikimu kwa kila mwezi, kwa miezi tisa, na alipe tozo ya huduma ya afya ya pauni 776 kwa kila mwaka wa viza, yote kwa mkupuo. Wakala aliyekuletea vipeperushi huenda alikuambia kwamba wanafunzi wa fani hizi hupewa ruzuku ya pauni 5,000 kwa mwaka. Ni kweli ruzuku hiyo ipo tangu 2020, ila mwanafunzi aliyekuja kwa viza ya masomo hapewi.

Utasema atafanya kazi huku akisoma, kama tulivyosema sote. Sheria inamruhusu saa 20 kwa wiki wakati wa muhula. Lakini fiziotherapia si kozi ya kuhudhuria mihadhara mitatu kisha ukaenda zako. Mwanafunzi hutakiwa kutimiza takribani saa 1,000 za mafunzo kwa vitendo hospitalini na kwenye vituo vya afya, kwa saa za mfanyakazi kamili, bila malipo, na mara nyingine mbali na anakoishi. Saa hizo hazihesabiwi ndani ya zile 20, kwa hiyo karatasi inamruhusu kufanya yote mawili; mwili ndio hauruhusu. Mwaka jana nilipangiwa kumsimamia kijana mmoja kutoka Afrika Magharibi, mwerevu na mwenye mikono mizuri kwa wagonjwa. Asubuhi moja nilimkuta kwenye chumba cha kubadilishia nguo, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi, amesinzia. Alikuwa ametoka moja kwa moja kwenye zamu ya usiku katika nyumba ya wazee. Nilimpa chai, nikamzuia asimguse mgonjwa mpaka saa nne, na sikuandika neno lolote kwenye ripoti yake. Sijui kama nilitenda vema, maana mgonjwa aliyetoka kubadilishiwa nyonga, akisimama mara ya kwanza, uzito wake wote huwa umeegemea umakini wa anayemshika.

Sasa chukulia amemaliza salama na amepata kazi NHS, huduma ya afya ya taifa. Ataanza daraja la 5 la mishahara, ambalo kwa 2025/26 lilianzia pauni 31,049 kwa mwaka. Ukizibadili kwa fedha za nyumbani ni nyingi mno, na hapo ndipo wengi hupotelea. Baada ya kodi, bima ya taifa na mchango wa pensheni, kinachoingia benki ni pungufu kidogo ya pauni 2,000 kwa mwezi. Nilipokuwa daraja hilo nililipa pauni 650 kwa chumba kimoja chenye jiko la kushirikiana, kisha ikafuata kodi ya halmashauri, umeme, gesi, nauli na chakula, na mwezi niliojibana sana nilibaki na pauni 500. Kwa mwendo huo, kurudisha ada peke yake ni miezi 111, yaani miaka tisa na ushei, kabla hajamtumia mama yake hata shilingi. Ni kweli kwamba mwenye bidii hupanda daraja la 6 baada ya miaka michache, ambalo kwa mwaka huohuo lilianzia pauni 38,682, na hapo pumzi hupatikana. Lakini kupata hiyo nafasi ya kwanza nako si uhakika tena, kwa sababu mwaka 2024 na 2025 hospitali nyingi zilibana ajira na wahitimu wapya, wakiwamo wenyeji, wakawa wanagombania nafasi chache.

Hapa nifike kwenye jambo ambalo mimi mwenyewe nililijua baada ya kulipia ujinga wangu. Mwajiri wa huku haulizi kwanza shahada yako ni ya nchi gani. Anauliza kama umesajiliwa na HCPC, baraza linalosimamia fani 15, zikiwamo fiziotherapia, radiografia, tiba kwa vitendo, lishe na maabara, hizi ambazo nyumbani tunaziita sayansi shirikishi za afya. Bila jina lako kwenye daftari la baraza hilo, huruhusiwi hata kujiita mtaalamu wa fiziotherapia. Mimi nilikuja kusoma shahada ya uzamili ambayo jina lake lilikuwa na neno afya, nikaamini itanifungulia mlango. Haikufungua chochote, kwa kuwa kozi ile haikuwa miongoni mwa zilizoidhinishwa kwa usajili, na wakala aliyeniuzia hakuona haja ya kunieleza. Kumbe cheti cha fiziotherapia nilichokuwa nacho tangu nyumbani, nilichokidharau, ndicho kilichotakiwa.

Niliomba usajili kwa cheti hicho. Walitaka mtihani wa Kiingereza wa IELTS wenye wastani wa 7.0 bila sehemu yoyote chini ya 6.5, uthibitisho wa chuo kuhusu masomo niliyosoma, na maelezo ya saa nilizofanya kwa vitendo, wodi gani na wagonjwa wa aina gani. Daftari langu la mafunzo lilikuwa kwenye sanduku la mama, chini ya vitenge. Dada yangu alikaa mlangoni kwenye mwanga akalipiga picha ukurasa kwa ukurasa, na kurasa mbili ambazo msimamizi wangu alisahau kusaini zilinigharimu wiki nne za simu. Jumla ilikuwa miezi saba. Baada ya hapo hospitali ilinidhamini kwa viza ya wafanyakazi wa afya, ambayo ada yake ni nafuu na haina ile tozo ya afya ya kila mwaka.

Kwa hiyo ushauri wangu ni kwamba mdogo wangu asome huko huko, KCMC ya Moshi au Muhimbili akipata nafasi, aombe mkopo wa Bodi ya Mikopo, afanye kazi miaka miwili au mitatu ashike wagonjwa wa kila aina, kisha aombe usajili kama nilivyofanya. Ikishindikana kuja, bado ana fani na kiwanja kipo. Njia hii nayo ina mashaka yake, nisikudanganye, kwa kuwa sheria za huku hubadilika mtu akiwa njiani. Viza ya kutunza wazee, iliyokuwa kimbilio la wengi wetu, ilifungwa kwa waombaji wapya kutoka nje Julai 2025. Viza ya mhitimu ya miaka miwili, inayomruhusu aliyemaliza masomo abaki kufanya kazi, itakuwa ya miezi 18 kwa watakaoomba kuanzia Januari 2027. Na serikali ilitangaza nia ya kurefusha muda wa kungojea ukaazi wa kudumu kutoka miaka mitano hadi kumi. Mwenye kupoteza nauli na ada ya maombi huumia. Aliyeuza kiwanja huumia zaidi.

Kama angepata ufadhili kamili ningekuambia mfungashe leo, maana aliyesoma hapa husajiliwa bila usumbufu nilioupata mimi, na mafunzo yenyewe ni mazuri, hasa kumsikiliza mgonjwa na kuomba ridhaa yake kabla ya kumgusa, jambo ambalo mimi nilijifunza nikiwa mtu mzima na kwa aibu.

Tafadhali nitumie ukurasa wa kwanza wa ile barua ya chuo, wenye jina kamili la kozi, niulinganishe na orodha ya HCPC, na uniambie tarehe ya mwisho ya kulipa malipo ya awali. Dalali aambiwe asubiri. Nitapiga simu Jumapili, saa mbili usiku kwa saa za kwenu, na mdogo wangu awe karibu, kwa sababu mpaka sasa nimesikia mipango yake kutoka kwako tu.