Mama anadai kwenda kwao ilhali yupo nyumbani

Pole sana, dada. Umesema mama ana dimensia, yaani ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, kila jioni anataka kwenda kwao, na ukimwambia yupo nyumbani anafoka. Usibishane naye. Mara nyingi nyuma ya maneno hayo kuna shida asiyoweza kuitaja: kiu, haja ndogo, maumivu, upweke. Mtazame anapoinuka kitini. Akikunja uso au kushika nyonga, huenda anaumia. Washa taa kabla giza halijaingia, kisha mpe nguo mkunje pamoja. Kushinda bure kutwa nzima kunamtesa mtu, na hili tunalipuuza mno. Muulize habari za huko kwao, umsikilize. Ila vurugu ya akili ikizuka ghafla, ndani ya siku chache, mpeleke hospitali haraka. Hata maambukizi ya mkojo huweza kuileta.