Maswali ya Wasomaji: Hatua ya Sita Isirukwe

Barua za mwezi huu zimetoka mbali na mbali, lakini karibu zote zinauliza jambo moja: imani ninayoikiri Jumapili, Jumatatu naiishije? Tumechagua nne. Majina ya waandishi tumeyaacha kando.

Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni katibu wa Jumuiya Ndogo Ndogo ya Kikristo, ya familia za mtaa mmoja. Tunakutana kila Jumamosi saa 12 asubuhi, nyumba kwa nyumba. Tunasali rozari, tunasoma Injili, tunatoa sadaka, tunasikiliza matangazo ya michango, na ikifika saa 1 kila mtu anawahi shughuli zake. Huu mwaka wa tatu sioni tofauti kati yetu na mtaa usio na jumuiya. Tunakosea wapi? (Katibu, Mwanza)

Milele, amina. Mnakosea kwenye robo saa moja tu, ila ndiyo robo saa iliyobeba kila kitu.

Maaskofu Katoliki wa Afrika Mashariki walipokutana Nairobi mwaka 1973 waliamua Kanisa lijengwe kwenye Jumuiya Ndogo Ndogo, mahali ambapo watu wanafahamiana kwa sura na kwa shida zao. Mwaka 1976 wakalirudia na kulikazia. Njia ya kushirikishana Injili inayotumika katika jumuiya nyingi ni ile ya hatua saba iliyotoka taasisi ya Lumko, Afrika Kusini: kumkaribisha Bwana, kusoma, kuchagua neno lililokugusa na kulirudia, kukaa kimya, kushirikishana, kukubaliana kazi ya kufanya, kisha sala za kila mmoja. Kazi ya kufanya ndiyo hatua ya sita. Na ndiyo inayorukwa, kwa sababu muda umekwisha, au kwa sababu mtu anasema "basi tuombeane" na wote wanapumua.

Gaweni saa yenu upya. Jumamosi salini fungu moja la rozari, mafungu mengine kila familia isali nyumbani kwake. Hapo mmetumia dakika 5. Hatua ya kwanza hadi ya tano zipeni dakika 30. Hatua ya sita dakika 15, mwenyekiti akiwa ameshika saa. Sala za mwisho dakika 5, sadaka na matangazo 5. Matangazo yaje mwisho kabisa, maana yakitangulia yatakula kila kitu.

Azimio la hatua ya sita liwe na mambo manne: nani, wapi, lini, na mkononi ana nini. "Tuwakumbuke wagonjwa" si azimio. Azimio ni hili: "Watu wawili hawa wataenda kwa bibi wa nyumba ya kona Jumanne saa 10 jioni, watamjazia pipa maji na kumpelekea mkaa debe moja." Katibu, wewe liandike kwenye daftari. Jumamosi inayofuata, kabla hata ya kumkaribisha Bwana, uliza: limefanyika? Kama halikufanyika, msimgombeze mtu; ulizeni nini kilizuia. Mara nyingi ni nauli, au siku ilichaguliwa na mtu ambaye si mwendaji.

Kazi moja kwa wiki inatosha. Jumuiya inayojipa kazi tatu haifanyi hata moja. Angalieni pia kwenye daftari majina yanayojirudia: mkiona ni akina mama walewale wanne kila wiki, zamu imeelemea upande mmoja, na baada ya miezi miwili hao nao watachoka. Tunasisitiza jambo jingine: katika kila kazi nne, angalau moja ivuke mipaka ya jumuiya. Yule aliyeporwa njiani katika Luka 10 hakuulizwa kadi yake ya zaka.

Mama mmoja katika jumuiya yetu amepata kiharusi, hawezi kujigeuza mwenyewe. Watu wanakuja kumwombea. Jumapili iliyopita tulijaa kumi na mmoja chumbani. Lakini binti yake anayemuuguza anazidi kukonda, na mama ameanza kuwa na alama mgongoni. Zaidi ya sala, tufanye nini? (Mwanajumuiya, Kahama)

Ahsante kwa kuiona ile alama. Wengi huifunika shuka na kuendelea na wimbo.

Hicho ni kidonda cha kulalia kinachoanza. Mtu asiyejigeuza, uzito wake hubana ngozi kati ya mfupa na godoro, damu haipiti, na nyama huanza kufa hata kabla ngozi haijapasuka. Sehemu za kukagua kila siku ni kifandugu (mfupa wa mwisho wa mgongo), nyonga, visigino, viwiko, mabega na kisogo. Kwa ngozi nyeusi wekundu hauonekani kirahisi, kwa hiyo tafuteni mahali palipokoza kuliko pembeni yake, penye joto, au pagumu ukipapasa. Bonyeza kwa kidole kisha achia. Rangi isipobadilika hata kidogo, hapo pameanza kuharibika. Msipasugue. Kusugua huvunja vijishipa vya damu vilivyobaki.

Dawa ya kwanza ni kumgeuza kila baada ya saa mbili. Bandikeni karatasi ukutani: saa 12 ubavu wa kushoto, saa 2 chali, saa 4 ubavu wa kulia, saa 6 kushoto tena, hivyohivyo mchana na usiku. Anayegeuza aweke alama. Mahali penye alama tayari pasilaliwe kabisa, kwa hiyo kama ni kwenye kifandugu, acheni chali kwa sasa, mbadilishane kushoto na kulia tu.

Namna ya kumgeuza ni hii. Kunjeni shuka mara mbili, litandikwe chini yake kutoka mabegani hadi mapajani. Watu wawili wasimame, mmoja huku na mmoja kule, kila mmoja aviringishe ukingo wa shuka mpaka ngumi ziguse mwili wa mgonjwa. Mwambieni kinachofanyika, hata kama hajibu. Hesabuni moja, mbili, tatu, mwinueni pamoja na kumsogeza. Msimburute, maana kuburuta huchuna ngozi. Kisha mlazeni nusu ubavu, mgongo ukiegemea mto, asilale juu ya mfupa wa nyonga wenyewe. Mto mwembamba uwekwe kati ya magoti, na mwingine chini ya miguu kuanzia nyuma ya goti hadi karibu na kifundo, visigino vibaki vinaning'inia bila kugusa godoro. Mkono uliopooza msiuvute kamwe. Bega lake huteguka upesi.

Kosa tunalolisikia kila mahali ni ile kata ya kanga, mtu anaviringisha kanga kama ya kubebea ndoo na kumkalisha mgonjwa juu yake ili kidonda "kipumue". Kata hubana duara zima kuzunguka kidonda na kuzuia damu isifike katikati. Iondoeni. Majivu, dawa ya meno na unga wa vidonge pia msiweke. Akilowa, msafisheni mara moja kwa maji na sabuni isiyo kali, mkausheni kwa kugusagusa na kitambaa, kisha mpakeni mafuta ya mgando kidogo. Ngozi ikipasuka, ikitoa harufu au usaha, au akipata homa, aende kituo cha afya siku hiyohiyo.

Wakati wa kula akae wima, apewe kijiko kidogo kidogo upande wa mdomo usiopooza, na abaki wima dakika 30 baada ya kumaliza. Akikohoa kila anapomeza, au sauti ikawa kama ina maji, simamisheni mkamwone muuguzi. Chakula kinachoingia mapafuni kinaweza kuua.

Sasa binti. Kugeuza kila saa mbili maana yake yeye halali. Hapa ndipo jumuiya inapohitajika kuliko chumbani Jumapili. Pangeni zamu ya wawili wawili kila siku kuanzia saa 8 mchana hadi saa 10, binti alale au aende sokoni, na usiku mmoja kwa wiki mtu mwingine ashike zamu yote. Wanaokuja waje wamekunywa chai kwao. Wageni kumi na mmoja ni vikombe kumi na moja vya kuosha. Mkifika, mwulizeni, "Leo nikushikie nini?" kisha mfanye alichosema. Kumwogesha mama awekwe mwanamke anayemridhia, na habari za ugonjwa wake zisiingie kwenye matangazo.

Na sala? Iwe fupi, mkono wake ukiwa umeshikwa, sauti ya kawaida. Mgonjwa wa kiharusi aliyenyamaza mara nyingi anasikia yote. Yakobo 2:15-16 inauliza inafaa nini kumwambia mtu aende akaote moto na kushiba bila kumpa mahitaji ya mwili. Shuka iliyokunjwa ni sehemu ya jibu.

Bwana Yesu asifiwe. Mwezi wa tatu nilimkopesha mwanakwaya mwenzangu, fundi nguo, shilingi 180,000. Aliahidi miezi miwili. Sasa ananikwepa, na wenzangu wanasema Mkristo hadai, nisamehe tu. Nina hasira mpaka siimbi vizuri. Je, nichukue cherehani yake mpaka alipe? (Mwanakwaya, Iringa)

Amina. Cherehani usiiguse. Kumbukumbu la Torati 24:6 inakataza kuchukua jiwe la kusagia liwe rehani, kwa kuwa ni kuchukua uhai wa mtu. Cherehani ndilo jiwe la kusagia la fundi. Ukiichukua, umechukua pia uwezo wake wa kukulipa.

Lakini wenzako nao wamechanganya mambo mawili. Kusamehe ni kuacha kisasi na kuacha kumtakia mabaya. Hilo unaamriwa, na unaweza kulianza leo kabla hajalipa hata senti. Kufuta deni ni zawadi, nayo ni hiari yako. Unaweza kumsamehe mtu kabisa na bado ukamwambia kwa upole tarehe ya kulipa. Kinachokula moyo ni kusema umesamehe huku unahesabu kila kitenge anachovaa mkewe.

Mathayo 18:15-17 inatoa utaratibu, na makosa yetu ni kuuanza kutoka mwisho: watu hupeleka kwanza kwa wote, siku hizi kwenye kundi la WhatsApp la kwaya. Anza wewe na yeye peke yenu. Usiende kwenye kibanda chake mbele ya wateja, wala usiku mbele ya watoto. Sema kwa maneno machache: kiasi, mwezi uliompa, ahadi aliyotoa. Kisha nyamaza umsikilize. Anayekwepa mara nyingi anakwepa aibu, hana hila.

Njoo na mpango mkononi. Shilingi 15,000 kwa mwezi zinamaliza deni kwa miezi 12. Shilingi 5,000 kwa wiki zinalimaliza kwa wiki 36, na kwa fundi anayeshika pesa kidogo kidogo hii ya wiki ndiyo rahisi zaidi. Andikeni nakala mbili, wote mtie sahihi, na kila malipo yaandikwe kwenye nakala zote. Kushona sare za kwaya kuhesabiwe pia kama malipo, kwa bei mliyokubaliana kabla. Akikataa, rudi na mtu mmoja au wawili ambao yeye pia anawaheshimu. Mchungaji awe wa mwisho.

Ukikuta kweli hana kitu, na moyo wako umeridhika kufuta deni, lifute waziwazi: mpe karatasi yenye neno "limefutwa" na usilitaje tena hata kwa utani. Deni lililofutwa nusunusu hubaki kuwa kamba shingoni. Siku nyingine kopesha kiasi ambacho kisiporudi watoto wako watakula vilevile.

Tuna dada wa kazi ambaye mume wangu humwita mtoto wetu. Anakula nasi, namvisha, tunasali naye kila jioni. Mshahara wake, shilingi 80,000, mume anasema "tunamtunzia". Ni mwezi wa tano sasa. Moyo wangu hautulii. (Mama, Arusha)

Moyo wako umesema kweli, mama, na usiunyamazishe. Mnadaiwa shilingi 400,000. Yakobo 5:4 inasema ujira uliozuiliwa unapiga kelele, na vilio vya waliovuna vimefika masikioni mwa Bwana. Mambo ya Walawi 19:13 haikubali ujira wa kibarua ulale kwako hata usiku mmoja.

Kaa na mume mkiwa wawili, mkiwa na karatasi ya hesabu. Kama pesa zote hazipo, lipeni 80,000 ya kila mwezi mpya kwa tarehe yake, na juu yake 100,000 ya malimbikizo kwa miezi minne. Ziingie kwenye simu yake mwenyewe, siyo ya mjomba aliyemleta. Akitaka kutunziwa, aseme yeye, na kitabu akishike yeye. Nguo mlizompa na chakula alichokula msivikate. Vilitolewa kama upendo, visigeuzwe kuwa bili. Ulizeni pia ofisi ya kazi kima cha chini cha kazi za nyumbani, mshahara wenu usiwe chini yake.

Sheria ya ajira ya Tanzania Bara ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi angalau saa 24 mfululizo za mapumziko kila wiki na likizo ya siku 28 kwa mwaka yenye malipo. Inakataza kabisa kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14. Chagueni siku yake ya kupumzika pamoja naye. Siku hiyo asiamshwe kuchemsha chai, na asiulizwe anakwenda wapi kama mfungwa. Mwombeni tu aseme atarudi lini. Akiwa wa dhehebu jingine au Mwislamu, sala ya jioni iwe ya kualikwa, na asipokuja pasiwe na uso uliokunjwa.

Siku mtakayomlipa, mume wako ndiye aseme maneno ya kuomba radhi, mbele ya watoto waliokuwa wakisikia "tunamtunzia".