Adapta ya AK na kiwambo cha sauti

Ndugu uliyeuliza kama adapta inatosha kufunga kiwambo cha sauti (kifaa cha kupunguza mlio, hufungwa mbele ya mtutu) kwenye AK, adapta peke yake haikuhakikishii kitu. AK nyingi zina hesi M14x1 ya kushoto (kipenyo milimita 14, hatua milimita 1, hufungwa kinyume), na viwambo vingi vya Marekani vya bunduki za .30 (risasi ya kipenyo cha inchi 0.30 hivi) ni 5/8x24 (kipenyo inchi 5/8, nyuzi 24 kwa inchi), kwa hiyo ndiyo, adapta utaihitaji. Kasoro ni kwamba hesi za AK mara nyingi hazikukatwa sawasawa na tundu la mtutu, na adapta huongeza kosa juu ya kosa.

Kabla ya risasi ya kwanza: toa magazini, hakikisha chemba ni tupu. Funga kila kitu hadi kikae barabara, kisha pitisha fimbo ya kupimia iliyonyooka, ya kipenyo cha mtutu wako, uchungulie kwa mbele. Fimbo ikae katikati ya tundu la kiwambo. Ikiegemea upande, usifyatue hata moja. Risasi itagonga vizibo vya ndani, yaani sahani zilizopangwa ndani ya kiwambo. Mpelekee fundi wa bunduki.

Na ile washa ya kubonyea (pete laini ya chuma inayobonyea ukikaza) iliyokuja na bunduki, itupe. Hubonyea upande mmoja zaidi, kiwambo kikapinda. (Kwa macho tu huwezi kuona, nimejaribu.)