Maji ya Mwisho Kugusa Mboga
Maswali ya wasomaji kuhusu usalama wa mboga na matunda, kutoka kondeni hadi mezani

Swali: Assalamu alaykum. Nalima mchicha na kotmiri, na mbolea yangu ni samadi ya ng'ombe. Alfajiri nikishavuna huosha mafungu kwenye shimo la maji la hapo kondeni, kisha nayapanga katika pakacha kwenda soko la Mwanakwerekwe. Mnunuzi mmoja amenambia nimpelekee mboga zisizooshwa. Mboga yenye udongo itakuwaje salama kuliko iliyooshwa?
*Mkulima, Bumbwisudi*

Jibu: Waalaykumu ssalaam. Mnunuzi wako amesema kweli. Udongo unaoonekana ataumaliza mpishi kwa maji ya mfereji. Kinachodhuru ni kile kisichoonekana, yaani vijidudu vya kinyesi, na shimo la wazi huvikusanya: ng'ombe hunywa humo, na mvua huleta yaliyopita vyooni. Fungu moja likiingia na uchafu, yote yanayofuata katika maji yale hupata fungu lake. Tena shina lililokatwa lina jeraha, na jeraha hunyonya. Kijidudu kikishaingia ndani ya shina, hata klorini haikifikii.

Utasema mchicha hupikwa. Ni kweli, na moto huua. Lakini kabla ya kufika sufuriani mchicha hupita kwenye ubao uleule na kisu kilekile cha kukatia kachumbari. Kotmiri ndiyo kabisa, huliwa mbichi.

Kwa hiyo vuna juu ya turubai safi au majani ya mgomba, ukung'ute udongo, na mizizi uikate hapohapo ibaki shamba. Mafungu yakitaka kunyauka njiani, yanyunyizie maji ya kunywa, yale ambayo mililita 100 zake hazina hata kijidudu kimoja cha *Escherichia coli*, bakteria wa kinyesi. Kama huna maji hayo, funika pakacha kwa kitambaa safi na uwahi sokoni.

Kuhusu kumwagilia, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 1989 uliweka mpaka wa vijidudu vya kinyesi 1,000 katika mililita 100 kwa mazao yanayoliwa mabichi. Mwongozo wa 2006 ukaja na hesabu ya vizuizi vinavyofuatana: siku za kuacha kumwagilia kabla ya kuvuna hupunguza vijidudu kwa jua na ukavu, kuosha kwa maji safi huondoa takriban tisa katika kila kumi, na dawa ya kuulia vijidudu au kumenya huondoa takriban 99 katika kila 100. Hakuna kizuizi kimoja kinachotosha peke yake. Tunajua mchicha wa kaskazi hauvumilii siku mbili bila maji. Basi siku mbili za mwisho mimina maji kwa kata shinani, majani yasilowe.

Sasa samadi. Kanuni za kilimo hai za Marekani zinataka siku 120 kati ya kuweka samadi mbichi na kuvuna zao linalogusa udongo. Mchicha huvunwa baada ya wiki tatu au nne tu, kwa hiyo samadi mbichi haina nafasi katika tuta lako. Iozeshe kwanza. Lundika pamoja na majani makavu, kimo na upana visipungue mita moja, lundo likae kwenye joto la nyuzi 55 au zaidi kwa siku 15, na katika siku hizo uligeuze mara tano ili ya nje iingie ndani. Bila kipimajoto, chomeka nondo katikati kwa dakika kumi. Ukiichomoa ikawa ya uvuguvugu tu, lundo halijafika: huenda ni kavu mno au ni dogo.

Swali: Napeleka tungule (nyanya) kwenye hoteli za Paje. Naziosha kwa jiki, lakini siku ya pili au ya tatu zinaanza kuoza pale kikonyo kilipotoka. Niongeze dawa?
*Msambazaji, Unguja*

Jibu: Usiongeze. Tatizo lako, kwa namna uozo unavyoanzia, ni joto. Tungule iliyokaa juani ina hewa ya moto ndani. Ukiitumbukiza katika maji ya baridi, hewa ile hunywea na tungule hufyonza maji kupitia kovu la kikonyo, pamoja na bakteria walio ndani ya maji. Kwa nje inang'aa, na ndani imeshapandwa uozo. Kama maji yalikuwa na salmonela, bakteria wa kuharisha, nayo imeingia.

Vuna asubuhi, weka kivulini mpaka zipoe. Pasua moja, chomeka kipimajoto katikati. Maji ya kuoshea yawe na joto zaidi ya hapo kwa nyuzi tano hivi. Tungule zisizame chini ya beseni refu, maana uzito wa maji nao husukuma, wala zisikae zaidi ya dakika mbili.

Dawa yenyewe: jiki isiyo na manukato yenye klorini asilimia 3.5, mililita 57 katika lita 20 za maji, hupata miligramu 100 kwa lita. Suuza udongo kwanza katika beseni jengine, kwani klorini humalizwa na udongo kabla haijafika kwa kijidudu. Ukiwa huoni tena kitako cha beseni, mwaga. Katikati ya kazi pima kwa karatasi za klorini, kisha malizia kwa kusuuza na maji ya kunywa. Na kamwe usitie siki wala ndimu ndani ya jiki: hutoka gesi inayochoma mapafu.

Hoteli ikitaka kumbukumbu, daftari linatosha: konde gani, tarehe ya kuvuna, dawa gani ilipigwa na lini, kreti namba ngapi ilikwenda kwa nani. Siku za kusubiri baada ya kupiga dawa zimeandikwa kwenye lebo ya chupa. Zifuate hizo, kwani dawa iliyoingia ndani ya tunda haitoki kwa kuosha.

Swali: Je, kabidi (kalsiamu kabaidi) ya kuivishia embe ina madhara?
*Msomaji, Wete*

Jibu: Ndiyo, iacheni. Kabidi ya viwandani huwa na mabaki ya aseniki na fosforasi. Vumbika embe zilizokomaa katika boksi pamoja na ndizi mbivu chache, zitaiva. Embe change haitaiva vizuri kwa njia yoyote.

Swali: Nauza matikiti na mananasi ya vipande karibu na skuli. Nifanye nini vipande visiniharibikie?
*Mfanyabiashara, Chake Chake*

Jibu: Ganda zima ndilo ngao ya tunda, na ukilikata umeivunja. Kisu huburuta kilicho juu ya ganda hadi ndani, basi sugua tikiti kwa brashi na maji safi kabla ya kulikata. Tikiti ndilo la kuogopwa zaidi kuliko nanasi, kwa sababu halina ukali na bakteria huzaana humo haraka. Vipande vikae kwenye nyuzi 5 au chini yake, na barafu iwe ya maji ya kunywa. Bila baridi, uza ndani ya muda wa saa nne tangu kuvikata. Vilivyobaki tupa, usivirudishe kesho. Anayepokea pesa asishike vipande.

Na kama una ndoo ya maji ya kunyunyizia vipande ving'ae, iondoe kabisa mezani.